Mikono ya Mama Sindano

Hakuwa mtu wa salamu. Ukivuka kizingiti chake kwa mara ya kwanza, hata kabla hujapata pa kuweka mkoba, alikukazia macho na kuuliza, "Umekula?" Hakuuliza kwa ukarimu. Aliuliza kama askari anayetaka kitambulisho, na ukijikanyaga kidogo, ukisema umekunywa chai, alikushika bega na kukugeuza kuelekea mlangoni.

"Chai si chakula. Nenda ule, utulie, ndipo urudi."

Waliorudishwa walikuja kuketi kwangu. Mlango wangu na wake ilitazamana pale Shauri Moyo, katikati ikipita njia ya watu na mtaro. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa nje, chini ya bati, na kando yake palikuwa na benchi alilolitengeneza mume wangu, Baba Kageha, kwa mbao alizopata kazini kwake, reli. Wagonjwa walingojea zamu hapo, wakinimwagia hofu zao huku nikishona sare za shule. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona nikiwa nimeketi.

Watu wazima walimwita Mama Sindano. Vijana walimwita Mathe wa Sindano. Alitibu kwa zile sindano nyembamba za Kichina, tiba ambayo waliosoma wanaiita akupancha, na cheti chake kilitundikwa ukutani mahali ambapo mgonjwa hawezi kulala bila kukiona. Wapo waliosema alifunzwa na Mchina wa kujenga barabara, wengine wakasema alisomea ng'ambo. Yeye alisema, "Kisome hicho cheti," na ukimuuliza zaidi alikuambia ulale kifudifudi.

Wengi walidhani sindano zile zina dawa ndani. Hazina kitu. Ni nyembamba kama unywele wa farasi, na kila moja huja imefungwa peke yake kwenye karatasi. Mama Sindano alikuinulia ile karatasi usoni kabla ya kuipasua.

"Umeona imefungwa?"

Mtu akiitikia kwa kichwa, hakutosheka. "Sema umeona."

"Nimeona."

Ndipo alipasua. Ikiwa imemponyoka hata juu ya shuka safi, haikuingia mwilini mwa mtu. Iliingia kwenye kisanduku cha manjano pamoja na zilizotumika, na kisanduku kile hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kikijaa alikibeba mwenyewe kwapani hadi hospitalini kikachomwe, akitembea katikati ya njia kana kwamba amebeba nyoka.

Nilikuwa mgonjwa wake kabla ya kuwa rafiki yake, ikiwa urafiki ndilo jina la tulichokuwa nacho. Bega langu la kulia liliganda. Sikuweza kufunga leso kichwani, sikuweza kusukuma kitambaa chini ya cherehani. Nilivuka mtaro mara tatu siku ile nikarudi mara tatu, nikijifanya nimesahau kitu. Mara ya nne alikuwa amesimama mlangoni akiningoja.

"Unaogopa?"

"Siogopi."

"Basi wewe ni hatari. Anayeogopa hutulia."

Nililala pale nikihesabu misumari ya dari. Nilitazamia uchungu wa sindano ya kliniki, ule unaochoma. Haukuja. Nilihisi kijimguso tu, kisha kitu kizito, kama mtu ameingiza kidole ndani ya nyama akakisahau huko.

"Imeshika?" aliuliza.

"Imeshika."

"Ikichoma, sema. Ikiwaka kama moto, sema. Usiwe shujaa, hapa hatutoi medali."

Kisha akachukua simu yangu akaitupa ndani ya karai, kwenye simu za wengine, kwa sababu kuna mwanamke aliyewahi kuruka kitandani kujibu simu akiwa na sindano mgongoni. Akaniambia nisijinyooshe, nisigeuke, na nikitaka kukohoa nimwite kwanza. Akafunga pazia. Nikabaki na sauti ya mafundi wa Gikomba wakigonga vyuma, na moyo wangu ukigonga pamoja nao, hadi mahali fulani katikati nikalala usingizi. Nilipoamka sindano zilikuwa zimetoka na sikujua zilitoka saa ngapi. Alinikataza kushika cherehani siku ile. Nikamwona mkorofi, nikaishika, jioni kichwa kikanizunguka hadi nikaegemea ukuta. Alikuwa akinitazama kutoka kwake.

Bega halikupona siku hiyo wala wiki hiyo. Lilifunguka polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwa wengine halikufunguka kabisa, na hao aliwaambia wazi. "Umekuja, umerudi, umerudi tena, huoni tofauti. Usirudi kwangu. Mimi si wale waganga wa mabango kwenye nguzo za stima."

Huyo ndiye mwanamke ambaye hakuweza kushona kifungo. Sikuamini mara ya kwanza alipoleta blauzi yake imekatika vifungo viwili, ameishikanisha kwa pini. Nilicheka. "Wewe? Na sindano zote hizo?"

"Yenye uzi siiwezi," alisema, na uso wake ulikuwa wa kweli kabisa. "Inarudi. Mimi nimezoea sindano inayoingia ikatoka. Hiyo yenu inaingia, inatoka, inaingia tena, mkono unaniuma kuitazama."

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo, yamegeuka juu chini. Aliwaambia watu walegeze mabega, na yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Aliwatibu wakosao usingizi, na mimi nilisikia redio yake alfajiri kabla ya majogoo ya majirani. Aliwagombeza wagonjwa hadi mtu akatamani kurudi na ugonjwa wake nyumbani, lakini uongo wa mgonjwa haukumkasirisha kama ulivyomwogopesha. Hili nilichelewa kulielewa. Nilidhani ni hasira.

Kulikuwa na msichana aliyeletwa na mama mkwe wake, mgongo unamuuma. Mama Sindano aliuliza maswali yake ya kila siku: una sukari, una presha, umewekewa kifaa cha moyo, unatumia dawa gani, una mimba. Msichana akajibu hapana, hapana, hapana. Kwenye mimba alimtazama mkwewe kwanza ndipo akajibu. Mama Sindano akajipekuapekua mifukoni, akamwambia yule mama, "Shikamoo, dada yangu, nisaidie, kimbia dukani uniletee kiberiti." Kiberiti alikuwa nacho, niliona kikiwa dirishani. Mama mkwe alipopinda kona, alimuuliza msichana tena kwa sauti ya chini, na msichana akaanza kulia. Mwenye kiberiti aliporudi aliambiwa kwamba sindano za mgongo leo hazifai, msichana aende kliniki akaangaliwe figo. Msichana alienda kliniki. Siri yake aliitoa mwenyewe, siku aliyotaka.

Na kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa baraza la jiji, aliyeficha kwenye leso vidonge vyake vya kulainisha damu kwa sababu alidhani ataambiwa aache. Alitoka na wekundu uliotanda kwenye goti, damu imevilia chini ya ngozi. Kelele ya Mama Sindano ilisikika hadi kwa muuza mboga. "Nani alikuambia uache? Nani? Dawa za hospitali si viatu, haziachwi mlangoni! Mimi nataka kuzijua, sitaki kuzichukua!" Mzee alisimama pale na leso yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Baadaye nilimkuta Mama Sindano ameinama, akimwekea lile goti kitambaa cha maji baridi, na mikono yake ilikuwa laini kiasi kwamba nilijiona nimechungulia kitu kisichonihusu.

Kina mama wa kanisa walimjia pia, wakiwa na Biblia na vitenge vya sare, kumuuliza anatumia roho gani. Aliwapa viti. "Mungu ndiye aliyeijenga hii nyumba," alisema akijigonga kifua. "Mimi nabisha hodi tu. Akitaka kufungua, anafungua." Walienda bila kupata jibu walilotaka. Tangu siku ile kulikuwa na nyumba ambazo watoto walivutwa ndani alipopita.

Nayataja hayo ili muelewe siku ya yule kijana wa Mukuru.

Ilikuwa asubuhi. Walikuja vijana watatu kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, vibarua wa kiwanda, wametoka tu zamu, vumbi la unga bado kwenye nyusi. Mmoja alikuwa amepinda kiuno, hawezi kusimama wima. Wenzake walimketisha kwenye benchi langu.

"Niaje mathe, hapa ndio kwa mathe wa sindano?"

"Ni pale. Mwenzenu amekula?"

"Amekula," mmoja alijibu haraka. Yule aliyepinda alitazama chini.

Mlangoni aliulizwa tena, nikasikia akijibu kwa sauti yake mwenyewe, "Nimekula, mathe." Pazia likafungwa. Wenzake wakabaki nje wakipiga soga, mmoja aitwaye Wafula akiniulizia bei ya kubana suruali.

Nadhani kitanda ndicho kilichowashtua. Kililia, kama kitu kizito kimeangukia upande. Wafula akaingia bila kubisha, akavuta pazia, kisha akatoka akirudi kinyumenyume.

"Amededi," alisema. Kisha akapiga ukelele. "Huyu mathe ameua beshte yetu!"

Mnajua jinsi watu wanavyotokea Eastlands. Njia ilikuwa tupu, na kabla sijaondoa mguu kwenye kanyagio ilikuwa imejaa. Wapo waliotoka Gikomba na marobota begani. Wapo waliojua kesi hii tangu zamani, waliokuwa wakiingojea. Nikasikia neno "mchawi" likipita juu ya vichwa, kwanza kwa kicheko, halafu bila kicheko.

Nilivuka mtaro. Mkasi wangu wa kukatia vitambaa ulikuwa bado mkononi, sikukumbuka kuuweka.

"Mama Kageha," aliniita kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia. "Ingia. Funga mlango nyuma yako."

Nikafunga, nikasukuma komeo. Kijana alikuwa amelala, uso wa rangi ya majivu, midomo imekauka, jasho likimtiririka kama aliyemwagiwa. Sindano zilikuwa kwenye miguu na kiunoni. Mama Sindano alikuwa akizitoa moja moja, akiziweka kisandukuni.

"Fungua dirisha. Leta ule mfuko wa unga, weka chini ya miguu yake. Inua. Juu zaidi."

"Yu hai?"

"Amezimia. Inua."

Mlango ukaanza kupigwa. Si kwa ngumi, kwa mguu. "Fungua wee! Toa msee wetu!" Jiwe likagonga ukuta karibu na dirisha nililokuwa nimelifungua.

"Harakisha," nikamwambia. "Dada, kwa jina la Yesu, harakisha."

"Nikiharakisha nitasahau moja mwilini mwake." Akatoa nyingine. Akahakikisha kwa vidole, akipapasa kutoka kisigino hadi kiunoni, mahali penye nguo na pasipo nguo, huku komeo likiruka kwenye misumari yake. Ndipo akaweka kidole gumba chini ya pua ya kijana, akabonyeza kwa nguvu.

Macho yakafunguka. Hayakumwona mtu kwanza.

"Ulikula lini?" Mama Sindano alimuuliza.

Kijana alimeza mate. "Jana. Mchana."

"Mbona ukanidanganya?"

"Niliona haya, mathe. Ungeniambia niende nikale, ningekula wapi?"

Sijui kama kelele ya nje ilinyamaza au mimi ndiye niliyeacha kuisikia. Mama Sindano alichanganya maji na sukari, akamnywesha kidogo kidogo akimshikia kichwa. Mimi nilitaka kijana asimame, atoke, aonekane, tuokoke. Nilimshika mkono kumvuta. Mama Sindano akanipiga kiganja.

"Akisimama sasa ataanguka tena, na akianguka mbele yao hatutakuwa na lingine la kusema."

"Wanavunja mlango!"

"Wavunje."

Mbao ya mlango ilipasuka upande wa bawaba. Ndipo akainama kwa yule kijana, akasema, "Mwite mwenzako. Kwa jina. Kwa sauti yako yote."

"Wafula," kijana aliita. Haikutosha. Akavuta pumzi. "Wafula! Wacha ujinga, niko sawa! Ni njaa tu, maze!"

Mateke mlangoni yakakoma. Kisha nje mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, kicheko kile cha watu walioona aibu, na miguu ikaanza kusogea. Mama Sindano alimpa kijana chai na mkate, akamketisha hadi rangi ikarudi. Wenzake walipomchukua, Wafula aliokota vipande vya mbao vya mlango akavipanga vizuri ukutani, kana kwamba hiyo ndiyo dawa.

Walipokwisha kwenda, Mama Sindano alienda nyuma ya nyumba akatapika. Nilimshikia kanga. Kisha akaosha uso, akaosha mikono hadi kwenye viwiko, akatoka na kumwita mgonjwa aliyefuata.

Tangu siku ile palikaa sufuria ya uji jikoni kwake. Aliyekuja hajala alipewa kikombe, akangoja kwenye benchi langu hadi uji utulie. Nilimwambia ana huruma. Alikasirika. "Ni ya kazi. Kama pamba. Kama spiriti."

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, jua kali. Baba Kageha alikuwa amelalamika bega la kushoto tangu asubuhi, akidai ni kwa kulalia vibaya. Alikula kidogo akasukuma sahani. Nikamwona ananyanyuka, ameshika mkono wake kama aliyebeba mtoto, anavuka mtaro bila kuniaga. Nilimfuata.

Mama Sindano alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Baba Kageha alisimama mbele yake. Jasho lilikuwa limelowesha shati lake la kanisani hadi likaonyesha fulana.

"Mama," alimwambia, "nidunge hapa. Nidunge tu nipate kupumua."

Hakumuuliza kama amekula. Alisimama, mboga zikamwagika. Akamshika kifundo cha mkono, akamtazama usoni.

"Uchungu unapanda tayani?"

"Unapanda."

Akauachia mkono wake. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yake yote miwili mgongoni.

"Simgusi. Tafuteni gari. Sasa hivi."

Sikuelewa. Nilisikia tu kwamba amekataa. "Unamkataa? Umedunga Shauri Moyo nzima, na jirani yako unamkataa?"

"Simgusi, Mama Kageha. Hii si ya kwangu. Ni ya hospitali."

"Mpunguzie uchungu tu! Mpunguzie aweze kutembea!"

"Uchungu huo ndio unaotupeleka hospitali. Nikiuondoa atakaa chini."

Baba Kageha alimtazama. Miaka yote alimrekebishia bawaba, alimbebea mtungi wa gesi. Alimtazama kama mtu aliyebisha kwa ndugu yake akafungiwa. "Sawa, mama," alisema. Alikuwa mpole hivyo.

Mama Sindano alitoka mbio bila viatu. Tulimkuta barabarani, amesimama mbele ya pikapu ya mikate, anapiga boneti kwa viganja vyote viwili na dereva anamtukana. Tulimpandisha Baba Kageha mbele. Mimi nilipanda nyuma na makreti. Nikiangalia nyuma nilimwona amebaki pale pale barabarani, magari yakimpigia honi, mikono imerudi mgongoni.

Madaktari walikuwa tayari tulipofika. Walifanya waliloweza. Baba Kageha alifariki kabla jua halijatua.

Tulimzika kwao, Vihiga. Niliporudi Nairobi niliingiza benchi ndani ya nyumba. Wagonjwa wa Mama Sindano wakawa wanasimama, wameegemea ukuta wake, wazee na wenye viuno vilivyopinda. Alikuja mara moja, akasimama ng'ambo ya mtaro. Nikainamisha kichwa kwenye cherehani. Akasimama hadi nikamaliza pindo zima la sketi, kisha akarudi. Hakuja tena, nami sikwenda. Tulipishana njiani kama watu wawili waliogongana sokoni wasiojuana. Kageha, binti yetu, alikuwa akimsalimia. Mimi nilijifanya sisikii.

Lililoniuma halikuwa kifo peke yake. Ni kwamba neno la mwisho mume wangu aliloomba katika mtaa aliokaa miaka yake yote ya kazi, aliliomba kwake, na alionyeshwa mikono iliyofichwa.

Kisha siku moja mlango wake ulikuwa na kufuli, na mwezi uliofuata aliingia mtu wa kuuza viatu vya mitumba. Walisema mikono yake imeanza kutetemeka, kwamba alijipima mwenyewe kwa kudunga chungwa, akaona, akafunga kazi siku hiyo hiyo. Walisema amehamia kwa dada yake. Sikuuliza ni wapi.

Nilimwona juzijuzi, Soko la Burma. Nilikuwa nimeenda kuulizia mbuzi, maana wakwe wa Kageha wanakuja na mahari Jumamosi. Bucha lilikuwa limejaa moshi wa nyama choma, redio inapiga kelele, nami nikaelekezwa kukaa kwenye meza ya nyuma nimngojee mwenye bucha. Mtu aliyekuwa ameketi hapo alikuwa na kikombe cha supu mbele yake, hajakinyanyua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya meza ukicheza peke yake, kama jani.

"Keti, Mama Kageha," alisema. "Benchi si langu."

Niliketi kwa sababu hapakuwa na pengine. Tulikaa. Kijana akaleta chumvi na pilipili, akaondoka. Nilijua nikinyanyuka sitamwona tena.

"Ungemdunga," nikasema, "angepona?"

Hakujifanya hajaelewa. "Hapana."

"Una hakika?"

"Nilipomshika mkono, mapigo yalikuwa yanakimbia kama mtu anayefukuzwa. Sindano haiufikii moyo wa namna hiyo. Lakini uchungu ungepungua. Hilo ningeliweza. Angetabasamu. Wewe ungenishukuru. Mngerudi nyumbani akalale kidogo."

"Na hospitali alikufa hata hivyo."

"Ndiyo. Alikufa."

Nilingoja aongeze. Mtu mwingine angeongeza, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba siku yake ilifika. Moshi ulituingia machoni.

"Kwa nini uliificha mikono?" nikauliza. "Alikuomba, ukaificha mikono nyuma kama mwizi."

Akaitazama. Ule wa kushoto akauweka juu ya wa kulia kuutuliza, ikawa inacheza yote miwili.

"Ilikuwa inataka," alisema. "Aliniomba, nayo ilikuwa inakwenda. Niliishika kwa nyuma isije ikanishinda."

Mwenye bucha aliita kwamba mbuzi yupo, nije nimwone. Sikunyanyuka. Nilikuwa nikiwaza juu ya mtu anayesimama katikati ya barabara ameshika mikono yake mwenyewe, na mimi juu ya makreti ya mikate namtazama akipotea nikidhani nimeona kila kitu.

"Kageha anaolewa," nikasema. "Mahari ni Jumamosi."

"Nimesikia. Alinipigia simu."

"Alikupigia?"

"Hunipigia."

Nikalimeza hilo. Mwenye bucha aliita tena. Nikasimama, nikajifunga leso vizuri, nikasema nililokuwa sijalipanga. "Wakwe watakuja na mashangazi wao. Upande wetu shangazi zake wote wako nyumbani Vihiga, wamezeeka, hawawezi safari. Kiti cha dada ya baba yake hakina mtu."

Nilidhani atauliza kama nina hakika, na nilijua akiuliza ninaweza kusema sina.

"Wageni wanafika saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne."

"Nitafika saa moja. Nikusaidie jikoni." Kisha akakumbuka mikono yake, akaishusha chini ya meza. "Sitaweza kushika kisu."

"Kisu wapo wa kushika," nikamwambia. "Wewe njoo umtafutie Kageha maneno. Wakisema anatoka nyumba isiyo na baba, awepo wa kuwajibu."

Nikaenda kumwangalia mbuzi. Niliporudi alikuwa ameinua kikombe kwa mikono yote miwili, supu ikimwagikia mezani, anakunywa bila kujificha.